Kitabu Asichokimaliza Turold

Jumatano ya Majivu

Leo tumepakwa majivu, na mvua ikayaosha kabla hatujavuka ua kwenda kula. Bruda Turold akasema, "Mungu mwenyewe kaona tumezidisha," na watu wakacheka siku isiyo ya kucheka. Mimi sikucheka. Miguu ilikuwa imeloa, na Abate alikuwa ameshaniita.

Naandika haya kwenye makombo ya ngozi, vile vipande vya pembeni vinavyobaki tukishakata kurasa. Mwaka huu hata makombo ni mali. Kondoo wetu waliugua tangu majani yalipoanza kupukutika, wakafa karibu zizi zima, na ngozi ya kondoo aliyekufa kwa ugonjwa haiandikiki, inatoboka kama tambara. Juu ya hayo, kitabu kikubwa cha nyimbo za Pasaka kimeoza kwa unyevu. Mimi ndiye mtunza vitabu, kwa hiyo kila kinachooza katika abasia hii ya watawa ya Valmorin kinaoza kwa jina langu.

Abate Walkelin hakunizungusha. "Osbern, nyimbo za Pasaka tutaziandika kwenye nini?"

Nikasema sijui.

"Kile cha Mwalimu," akasema. "Kurasa zake ni pana, ngozi ya ndama. Kikwangue."

Kukwangua nakujua. Unaloweka ngozi kwenye maziwa, unaisugua kwa jiwe mpaka wino wa zamani utoke, unaandika upya. Nimewahi kuzikwangua hesabu za shamba za watu waliokufa zamani. Sijawahi kuyakwangua maneno ya mtu aliye hai.

"Mwalimu bado yu hai, Baba Abate."

"Yu hai, ila hajui kama aliwahi kuandika kitabu. Jana kaniuliza mimi ni mtoto wa nani."

Nikatoka na miguu yangu ya baridi.


Alhamisi

Mvua. Nimekitoa kitabu sandukuni, nimekirudisha.


Ijumaa

Mwalimu Herfast alitufundisha sote wawili, mimi na Walkelin, kwenye benchi moja. Tuliletwa hapa tukiwa wadogo, tukavishwa majoho yaliyoburuzika, tukalia kila mtu kwa zamu yake. Mwalimu alikuwa mtu mzima tayari, mwembamba, mwenye masikio makubwa ambayo tuliyacheka sana. Mfukoni alikuwa na vipande vya tufaha lililokaushwa. Ukijibu vizuri, hupati kitu. Ukiuliza swali ambalo yeye hana jibu lake, anatia mkono mfukoni anapapasa, anakupa kipande, anasema, "Hili limenishinda. Tulale nalo."

Walkelin alikula matufaha mengi kuliko sisi wote. Tulimwita Kinda kwa sababu mdomo wake ulikuwa wazi muda wote, ama anauliza ama anatafuna. Leo ukimwona kwenye kiti chake, midomo imebanwa namna ile, huwezi kuamini.

Kila swali lililomshinda Mwalimu aliliandika. Miaka thelathini ya maswali ya watoto, na chini ya kila moja maneno machache: alijibu nini, na alipokuja kuona kwamba alijibu ovyo. Hakuna siri ndani yake, kila mtu hapa anakijua. Lakini tangu wageni wa askofu walipopita na kusema kwamba Valmorin inawafundisha watoto kutilia shaka dini, hakuna anayekiomba. Wanapita mbali nacho kama chungu cha jirani aliyekufa kwa tauni.

Natamani siku moja tu ya benchi lile. Baridi yake, harufu ya nta, na yule mzee akisema "Hebu rudia" kwa sauti ya mtu aliyefurahi kweli.


Jumamosi

Maharage. Mvua. Jiwe la kukwangulia halionekani. Nimelikalia.


Jumatatu ya kwanza ya Kwaresima

Nimefanya jambo.

Siku hii kila mwaka zulia linatandikwa katikati ya ukumbi wa mkutano na vitabu vyote vinapangwa juu yake. Mimi nasoma jina la mtu na kitabu alichopewa mwaka uliopita. Aliyekisoma chote anakirudisha. Ambaye hakumaliza anaanguka kifudifudi mbele ya wote, anaungama, anaomba msamaha. Kisha nampa kila mmoja kitabu kipya cha kusoma tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Kikishatoka mkononi mwangu hakuna wa kukigusa, hata Abate, mpaka msomaji mwenyewe aseme amemaliza, au mwaka uzunguke hadi kwenye zulia hili tena. Ndiyo desturi ya nyumba yetu tangu mababu.

Nilipofika kwa Bruda Turold sikuhitaji hata kuuliza. Huyu alikuwa askari wa farasi. Alikuja kwetu akiwa na umri wa miaka arobaini, vidole viwili vya mkono wa kushoto alivipoteza vitani, na herufi alijifunza akiwa na mvi. Hajawahi kumaliza kitabu hata kimoja. Anapoanguka kifudifudi mbao za sakafu zinalia.

"Nimeshindwa, Baba Abate!" akanguruma akiwa chini. "Adui alikuwa na kurasa nyingi kuliko nilivyodhani!"

"Kila mwaka unadhani hivyo hivyo," akasema Abate.

"Adui naye kila mwaka anaongezeka!"

Akasamehewa, akainuka, akajikung'uta. Hapo nikasikia sauti yangu ikisema, "Bruda Turold, kitabu cha maswali cha Mwalimu Herfast."

Abate akanitazama. Turold naye akakipokea, akakigeuza huku na huku, kisha akajikuna nyuma ya sikio kama mbwa. Ndiyo ishara yetu, saa za ukimya, ya kuomba kitabu cha mpagani. Watu wakafa kwa kicheko, hata wazee. Abate peke yake hakucheka.


Jumanne

Ameniita mapema.

"Umenichezea, Osbern."

"Kanuni haijavunjwa, Baba Abate."

"Najua haijavunjwa. Ndivyo ulivyonichezea." Akaenda dirishani, akarudi. "Umempa mtu ambaye atazikwa kabla hajafika katikati."

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa, maana ndiyo hasa ilikuwa hesabu yangu.

"Unadhani napenda kazi hii?" akasema. "Nina nyumba nzima itakayoimba Pasaka bila kitabu. Nina askofu anayeniuliza tunafundisha nini huku. Haya. Lakini siku Turold atakaposema amemaliza, kitabu kiko mezani kwangu siku hiyo hiyo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi nenda. Na hilo jiwe usilikalie sana, utaugua mgongo."

Nimerudi nikiwa nimechoka na nimefedheheka. Nilidhani mtoto wa benchi lile alikwisha kufa ndani yake, na sasa namchukia kwa kuwa bado ananijua.


Alhamisi

Theluji kidogo, kisha tope. Turold yuko ukurasa wa kwanza. Vizuri.


Jumatatu, wiki ya pili

Nilisahau jambo moja. Sisi sote tunasoma kwa kunong'ona, midomo ikitembea. Turold husoma kama anaita farasi aliye ng'ambo ya mto. Leo alisoma bustanini, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, wenzake wakipanda maharage.

"Je! Mungu! Anazisikia! Zaburi! Tunazoimba! Tukiwa! Na usingizi!"

Jembe moja likasimama. Likafuata la pili. Bruda mmoja akasema, "Zangu anazisikia, nakoroma kwa sauti nzuri." Mwingine akasema si jambo la mzaha hilo, maana yeye ameimba nusu ya maisha yake akiwa amelala. Wakabishana mpaka kengele ikalia, na mistari ya maharage ikaenda upogo.

Lilikuwa swali langu. Nililiuliza nikiwa na miaka tisa. Chini yake Mwalimu aliandika: "Nilimwambia Osbern kwamba mama humsikia mtoto anayeongea usingizini. Sijui kama ni kweli kwa Mungu. Naomba iwe."

Nilikaa nyuma ya ukuta wa bustani mpaka macho yakakauka.


Jumatano

Mvua. Ukurasa wa nne. Anakwenda upesi kuliko nilivyopenda.


Ijumaa

Turold kanijia mlangoni, kitabu kwapani, tope hadi magotini.

"Bwana Vitabu, hebu tazama. Hapa mzee kaandika, 'Nilimjibu vibaya.' Vibaya vipi?"

"Sijui."

"Si ulikuwepo?"

"Nilikuwa mtoto, Bruda. Na weka vidole mbali na wino."

"Basi twende tukamuulize mwenyewe."

Nikamweleza, kwa ule uvumilivu wangu ambao watu wanausema vibaya, kwamba Mwalimu hakumbuki hata jana alikula nini, tena ni dhambi kumsumbua.

"Nilikuwa na farasi mzee," akasema Turold. "Zizi lake hakulijua tena, alikuwa akiingia la jirani. Lakini ukipiga tarumbeta tu, kichwa juu. Twende bwana, acha uoga."

Tukaenda chumba cha wagonjwa. Mwalimu alikuwa kitandani karibu na moto, amekuwa mdogo kama mtoto, masikio tu ndiyo yamebaki na ukubwa wake. Akanitazama. "Wewe ndiye wa supu?" Nikasema ndiyo, mimi ndiye wa supu.

Turold akafungua kitabu, akasoma, kwa mara ya kwanza taratibu: "Mtoto akifa kabla hajajifunza kusali, nani anamsalia?"

Mzee akainuka. Naapa, aliinuka kwa viwiko vyake mwenyewe. "Hebu rudia," akasema.

Turold akarudia.

"Nilisema, Kanisa linamsalia. Jibu zuri. Limenyooka." Akatikisa kichwa. "Yule mtoto hakuuliza habari za Kanisa. Mdogo wake alikuwa amekufa kwa kikohozi. Alitaka kujua kama anaruhusiwa kuendelea kumsalia, kila siku, kwa jina. Nilitakiwa kusema 'Ndiyo, mwanangu,' kisha ninyamaze. Mwenye elimu akiulizwa na mtu anayelia, ajibu kile kilio kwanza."

Kisha akalala tena, akaniuliza supu iko wapi.

Nilimkumbuka mdogo wake Walkelin, aliyeletwa hapa baada yetu na hakumaliza majira ya baridi. Nilimkumbuka na Walkelin mwenyewe, siku ile aliyokataa tufaha. Miaka yote hii nimelisoma swali lile, na mwenye swali nakaa naye chini ya paa moja, na sijawahi kumuuliza lolote.


Jumapili, wiki ya tatu

Mvua imekatika. Samaki wa chumvi tena. Nimemwona Abate akipita nyuma ya bustani wakati Turold anasoma, akajifanya anakagua ukuta.


Alhamisi

Sasa Turold anakwenda kila siku kwa Mwalimu baada ya kazi. Namsindikiza kwa sababu kitabu kiko chini ya ulinzi wangu. Nimesema hivyo mara mbili na hakuna aliyeniamini.


Jumanne, wiki ya nne

Leo Turold hakufungua kitabu. Aliketi sakafuni kando ya kitanda, magoti yake yakilia, akasema, "Mwalimu, nina langu."

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilipaswa kuondoka, sikuondoka.

Akaeleza. Zamani, kwenye kivuko cha mto, aliua kijana aliyekuwa ametupa silaha tayari, anamwita mama yake. Ameungama. Amefunga. Ameacha farasi, ardhi, kila kitu, akaja hapa kujifunza herufi na kuimba vibaya. "Padre aliniambia nimesamehewa, na mimi nasema naamini. Sasa kama naamini, Mwalimu, kwa nini kila asubuhi nauliza tena? Mwenye imani si hutulia? Au mimi ni mwongo nimevaa joho?"

Moto ulipasuka. Mzee aliutazama hata nikadhani ametoroka tena kwenye usahaulifu wake.

"Umewahi kuingia nyumbani kwa baba yako usiku, taa imezimika?" akauliza.

"Mara nyingi. Mara nyingi nikiwa nimelewa."

"Ulijua uko kwa baba yako?"

"Nilijua. Hata kwa harufu."

"Na ulifanya nini?"

"Nilipapasa. Niligonga meza. Niliita waniletee taa."

"Basi." Mzee akatabasamu kwa ufizi wake. "Imani ni kujua uko kwa baba yako. Elimu ni kuomba taa. Mtoto wa nyumbani ndiye anayepiga kelele aletewe taa. Mwizi ndiye anayependa giza libaki giza. Wewe piga kelele, mwanangu. Anayekuita mwongo hajui tofauti ya mtoto na mwizi."

Turold aliweka uso wake kwenye blanketi. Mabega mapana yale yalitikisika kama ya mtoto. Mzee akampapasa upara, akamuuliza kwa upole, "Na wewe ni mtoto wa nani?"

Nilikuwa nikimwona Turold kuwa mzaha wa nyumba hii. Nimeandika hivyo humu, na sifuti, ili nijue nilivyokuwa.


Jumatano

Jua. Matawi ya mitufaha yameanza kutoa vifundo.


Jumamosi kabla ya Matawi

Balaa. Turold amenikuta penye sanduku la vitabu, anang'aa uso mzima.

"Bwana Vitabu! Nimebakiza ukurasa mmoja! Mimi, Turold! Mwambie Abate aandae divai."

Nikamwambia asome polepole. Nikamwambia arudie mwanzo, huenda hakuelewa. Nikamwambia bustani inamhitaji zaidi. Akanikazia macho yake ya askari, yale yanayojua mtu anaficha kitu.

"Sema."

Nikasema. Nikamweleza kila kitu: ngozi, nyimbo, jiwe, ahadi ya Abate kwamba siku ya kumaliza ndiyo siku ya kukwangua.

Akawa mtulivu, na utulivu wake ulitisha kuliko kelele zake. "Kwa hiyo ulinipa kwa sababu mimi ni mjinga."

"Bruda, si hivyo..."

"Ulitaka mtu asiyemaliza. Ukatazama ukumbi mzima, ukamwona mimi."

"Ndiyo," nikasema.

"Nimesomeshwa na mzee yule kama binadamu," akasema, "na wewe uliyenisindikiza kila siku ulikuwa unaomba nishindwe."

Akaondoka na kitabu. Sikumwita. Alisema kweli, na ukweli ule bado uko kooni kama mfupa wa samaki.


Dominika ya Matawi

Hatukuwa na mitende, hatujawahi kuwa nayo, tulibeba matawi ya mti wa kijani wa ukutani. Turold hakunitazama. Bustanini hakusoma kwa sauti. Wenzake wameniuliza mara tatu kama anaumwa.


Jumanne Kuu

Mwalimu amekufa.

Baada ya sala ya mchana tulisikia ubao ukipigwa kwa nyundo, haraka haraka, na kila mtu anajua maana yake. Hapa hatukimbii kamwe, isipokuwa kwa moto na kwa ubao huo. Tulikimbia wote, wazee kwa vijana, tukisema Nasadiki kwa sauti huku tunakimbia, kama desturi inavyotaka, ili ndugu anayekata roho aisikie imani yake ikimjia kwa miguu. Abate alinipita kwenye ngazi. Alikuwa ameshika joho mkononi kama mvulana.

Walikuwa wamemlaza chini juu ya gunia na majivu. Macho yalikuwa wazi. Tulizunguka, tukamaliza Nasadiki, tukahema. Abate akapiga magoti. Nilidhani atasoma sala iliyoandikwa. Badala yake akainama, na mimi niliyekuwa karibu nikasikia.

"Mwalimu. Unaogopa?"

Mzee akamtazama kwa muda mrefu. Sijui alimwona nani. Kisha mkono wake ukaanza kutembea juu ya gunia, ukashuka ubavuni, ukapapasa mahali mfuko wa joho ungekuwa. Ukapapasa tena. Hapakuwa na mfuko, wala tufaha.

"Kinda," akasema.

Abate akaushika ule mkono akauweka usoni pake, na hakuuachia hadi ulipopoa. Mimi nililia bila kujificha. Nilimsikia Turold nyuma yangu akivuta makamasi kama farasi.


Jumatano Kuu

Tumemzika. Udongo ulikuwa mzito kwa maji. Sina zaidi.


Alhamisi Kuu

Siku ya kutawadhana miguu. Zamu ilinileta mbele ya Turold. Akapiga magoti na beseni, akashika mguu wangu, akausugua kana kwamba nimekanyaga lami.

"Unaniumiza," nikamnong'oneza.

"Najua."

Akasugua mguu wa pili. Nikainama nikasema, "Nisamehe. Nilikutazama vibaya. Tangu mwanzo."

Akakausha kidole kimoja kimoja, taratibu, kwa mkono wake wa vidole vitatu. Kisha akaubusu mguu, kama ipasavyo, akauangalia tena. "Miguu ya baridi namna hii," akasema, "ndiyo maana huna raha."


Pasaka

Tumeimba bila kitabu. Upande wa kulia walianza wimbo mmoja, wa kushoto mwingine, na katikati Turold akaanza wa tatu peke yake. Hata hivyo tulifika, kwa kukumbushana, aliyesahau mstari akipokelewa na mwenzake. Nilimtazama Abate akiimba kwa macho yaliyofumba. Nilijua alikuwa anasikia sauti ile ile niliyokuwa naisikia, sauti nyembamba iliyotufundisha wimbo huo kwenye benchi, ikitupigia mdundo kwa kijiko.


Jumatatu ya Pasaka

Ukumbini, baada ya kusoma sura ya Kanuni yetu ya utawa, Abate hakuinuka. "Bruda Turold, simama."

Turold akasimama, na kitabu kwapani.

"Nasikia ulibakiza ukurasa mmoja kabla ya Matawi."

"Ndiyo, Baba Abate."

"Siku tisa zimepita, na nyumba nzima inajua kwamba sasa unasoma. Umemaliza?"

Nilishika ukingo wa benchi. Uongo ndani ya ukumbi ule, mbele ya ndugu wote, hauna mdogo. Nilitamani aseme uongo, na niliogopa aseme. Turold akatembea mpaka katikati, pale lilipokuwa zulia, akaanguka kifudifudi. Mbao zikalia.

"Sijamaliza. Naomba msamaha."

Minong'ono. Abate akainua mkono. "Ukurasa wa mwisho una nini, hata uushindwe?"

"Una mstari mmoja, Baba Abate."

"Mmoja?"

"Mmoja tu. Chini yake hakuna kitu. Swali la mzee mwenyewe." Alikuwa bado kifudifudi, anaongea na sakafu, lakini kwa sauti ile ya ng'ambo ya mto, kwa hiyo tulisikia wote. "Kaandika: 'Na mimi je, nimeamini, au nimezoea tu?'"

Nimeishi humu tangu utoto. Nimeimba zaburi zote kila wiki, nimewahesabia wengine kurasa zao, na swali lile likaja likanikalia kifuani kama mtu anayenijua. Niliwatazama wenzangu, kila mmoja alikuwa anatazama mikono yake.

"Nimelisoma kila siku," akasema Turold. "Nikidhani nimelimaliza jioni, asubuhi liko palepale. Kusema nimemaliza ingekuwa uongo. Basi nipo chini hapa."

Nikamwona Abate anatia mkono ndani ya joho, upande ule, anapapasa, halafu anautoa mtupu na kuutazama.

"Hili limenishinda," akasema.

Sauti yake ilikatika. Akaisubiri irudi.

"Bruda Turold, inuka. Kwa kutokumaliza, hii ndiyo adhabu yako. Kitabu utakaa nacho. Na kila Dominika baada ya chakula utakuja chumbani kwangu unisomee ukurasa mmoja, tangu mwanzo, bila kuruka."

"Mimi nasoma polepole, Baba Abate."

"Ndiyo. Soma hivyo hivyo."

Turold akainuka, akajikung'uta, akapita mbele yangu akirudi mahali pake. Uso wake ulikuwa na heshima zote. Lakini alipofika kwangu mkono wake wa vidole vitatu ulipanda, akajikuna nyuma ya sikio.

Jioni hii nimelitoa lile jiwe chini ya kiti changu nikalirudisha rafuni. Mitufaha imeanza kuchanua upande wa kaburini. Nyimbo tutaziandika wana-kondoo wakikua, na mpaka hapo tutaimba kwa kukumbushana.